Mikro Kwenye Kola ya Profesa

Iko siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na sijawahi kukusimulia kwa sababu haikuwa yangu peke yangu. Sasa umekuja kuniaga. Unasema chuo cha huko uendako kimekupa kazi ya kubadilisha mitambo ya ukumbi wao mkubwa, kwamba mtafunga kamera na mihadhara itafika hadi kwenye simu za wanafunzi walioko Bujumbura. Nimefurahi sana. Lakini gari lako bado halijajaa abiria, kwa hiyo kaa kidogo. Kazi hiyo niliwahi kuifanya mimi, hapa hapa Rumonge, nikiwa na umri kama wako.

Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Tanzania. Wazazi wangu walikwenda kwenye shamba la babu huko Kigwena, kwenye michikichi, na mimi nikabaki mjini kutafuta kazi. Kambini nilikuwa nikiendesha vyombo vya sauti vya kanisa letu, na baadaye nilisomea umeme Kigoma. Kifaransa changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Hata hivyo chuo kimoja cha hapa kando ya ziwa kilikuwa kinatafuta fundi wa umeme asiyeogopa kupanda ngazi, wakanichukua.

Ukumbi wenyewe tuliuita oditwari, kama wanavyosema wenye Kifaransa. Ulikuwa mkubwa, umeteremka kwa ngazi kutoka mlango wa juu hadi kwenye ubao, na viti vyake vilikuwa vya saruji. Paa lilikuwa la mabati. Mvua ikinyesha, mwalimu alinyamaza, wote tukasubiri. Vyombo vya zamani vilikuwa spika mbili za bati juu ya ubao, zile zenye mdomo kama tarumbeta, na mikro moja ya waya, yaani kipaza sauti cha mkononi, iliyopiga midomo shoti siku za unyevu. Walioketi mbele waliziba masikio. Walioketi nyuma walisikia mvumo tu, wakanakili daftari za walio mbele yao, na hao walikuwa wamenakili za wengine, hadi ukifika safu ya mwisho somo lilikuwa limekuwa somo jingine.

Basi chuo kikapata mitambo mipya. Tulifunga spika nyembamba kwenye kuta zote mbili, zikishuka pamoja na ngazi, ili aliye juu na aliye chini wasikie sawasawa. Tukatundika projekta darini na ekrani kubwa nyeupe mbele. Kule juu karibu na mlango ikawekwa meza yangu ya sauti. Na kilichowashangaza watu kuliko vyote kilikuwa mikro isiyo na waya, ndogo kama kichwa cha kidole, ya kubana kwenye kola ya shati, na kijisanduku chake cha kuning'iniza kwenye mkanda. Mwalimu angeweza kutembea popote na sauti yake ikamfuata. Siku ya kwanza kuijaribu nilisimama chini nikasema amahoro, salamu yetu ya amani, kwa sauti ya kawaida tu, na mwenzangu aliyekuwa safu ya mwisho akanijibu kana kwamba nimemnong'oneza sikioni.

Walimu waliipenda mitambo hiyo, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa Profesa Leopold, aliyefundisha mambo ya udongo na mimea. Alikuwa mzee mrefu, koti safi daima, mgane aliyeishi peke yake kwenye nyumba iliyotazama ziwa. Alikuwa amefundisha katika miaka mibaya yote ya vita, wakati wengine tuko ng'ambo, na watu walimheshimu kwa hilo. Kumpenda ilikuwa jambo jingine. Alikupita barabarani bila salamu. Ukimwonyesha daftari lako alilisukuma pembeni, akakuambia umsomee mwenyewe, nasi tukadhani ni ukali. Matokeo ya mitihani yake yalichelewa kuliko ya walimu wote. Na ekrani aliikataa kabisa. Alisema udongo hauko ukutani, akaendelea kufundisha kwa kichwa chake, akichora ubaoni michoro mikubwa ambayo wakati mwingine ilipandana.

Mikro aliikubali, kwa kuwa sauti yake ilikuwa imeanza kuchoka.

Doyeni, yaani mkuu wa kitivo, alikuwa ametangaza kwamba kuanzia mwaka uliofuata asiyetumia ekrani hatapewa somo katika ukumbi mkubwa. Kila mtu alijua maneno hayo yanamlenga nani. Wanafunzi nao walikuwa na lao. Delege wao, yaani mwakilishi wao, kijana wa Muhuta aliyeitwa Evariste, mwenye maneno machache na msimamo mkali, alikuwa amewakusanya waende kwa doyeni kumlalamikia profesa kwa ajili ya matokeo kuchelewa. Walikuwa waende baada ya somo, siku hiyo hiyo ninayotaka kukusimulia.

Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, ukumbi umejaa hadi watu wameketi kwenye ngazi. Mimi nilikuwa juu ya ngazi yangu ya mbao, katikati ya ukuta wa kushoto, nakaza spika iliyokuwa ikitetemeka. Profesa alikuwa katikati ya somo simu yake ikalia. Kwa kawaida hakuijibu. Siku ile aliitoa mfukoni, akawaambia wanafunzi wamsubiri, akatoka kwa mlango mdogo wa pembeni ya ubao, akaufunga nyuma yake.

Nilikuwa nimemwonyesha namna ya kuizima mikro. Kwenye kile kijisanduku kulikuwa na kitufe kidogo. Ukikibonyeza, taa ya kijani inazimika. Alikibonyeza, nilimwona kwa macho yangu. Nadhani alikibonyeza mara mbili, ikazimika ikawaka tena. Taa yenyewe ilikuwa ndogo kama punje ya ulezi.

Sauti yake ikatoka kwenye kuta zote mbili, safi kabisa, kama tulivyotaka itoke.

Alikuwa anazungumza na binti yake wa Bujumbura. Alisema daktari hakumpa matumaini. Alisema jicho la kushoto limekwisha, na la kulia linaona vivuli. "Kile kitambaa walichotundika," alisema, "mimi naona mwanga tu. Nawafundisha kwa kukumbuka." Akasema jana amempita mke wa jirani, mama wa watu amekasirika, amesema siku hizi mzee ana majivuno. Akamwomba binti yake aje tena Jumapili, amsomee karatasi za mtihani zilizobaki, maana watoto wanasubiri. Kisha akanyamaza, binti alikuwa akisema jambo. Akamjibu kwamba hatahamia Bujumbura. Angefanya nini kule, kukaa kwenye baraza lake akisikiliza magari? "Wakijua tu, watanitoa," alisema. "Acha nimalize mwaka huu."

Wakati huo nilikuwa nimeshashuka napanda mbio kuelekea mezani kwangu, naruka mifuko na miguu ya watu. Mtu mmoja alicheka mwanzoni, nadhani kabla hajaelewa. Wenzake wakamnyamazisha. Baada ya hapo sikusikia hata kikohozi. Nilipofika nikavuta kitufe chini na sauti ikakatika, lakini yote yalikuwa yamekwisha kusemwa.

Profesa akarudi. Akasimama mbele yetu, akanyoosha koti, akasema tuendelee. Nikairudisha sauti yake polepole. Aliendelea pale pale alipokuwa amekatia, bila kukosea neno. Na somo lilipokwisha wanafunzi walitoka bila kelele. Evariste hakwenda kwa doyeni. Alikuja kwenye meza yangu, akasema kwa upole kwamba wamekubaliana: hakuna aliyesikia kitu. Akaniuliza kama mimi pia sikusikia kitu. Nikamjibu kwamba sikusikia.

Wakati ule niliona tumefanya jambo zuri, mwanangu. Mamia ya vijana, na wote wakafunga midomo. Hata mjini halikutoka neno. Nani angetulaumu?

Lakini siku zilizofuata mambo yalianza kuwa ya ajabu. Asubuhi, kabla profesa hajaingia, wanafunzi waliondoa mifuko yote njiani. Mtu alisimama mlangoni kumfungulia. Aliyetaka kuuliza swali alitaja jina lake kwanza, kwa sauti, kama yuko mahakamani. Mzee alipochora ubaoni michoro ikapandana, hakuna aliyeguna. Hakuna aliyechelewa wala aliyenong'ona. Hata ukali wake waliupokea wakitabasamu, na yeye hakuona wanavyotabasamu.

Lakini hakuwa mjinga. Siku moja nilipokuwa nambania mikro kwenye kola aliniuliza, "Yuliana, hii mitambo yako imewafanya nini hawa watoto? Zamani walikuwa wananiogopa. Sasa wananisikiliza kama watu waliokaa msibani." Nilimwambia labda sauti inasikika vizuri zaidi. Alinigeuzia uso, halafu akashuka kwenda kufundisha.

Swali lile lilinifuata hadi nyumbani. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja Mwislamu wa mjini, jina lake Bibi Zaituni, mfanyabiashara wa mawese. Mafuta yake yalitoka Kizuka, yeye akiyauza kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, karibu na kituo cha magari. Alikuwa ananiita mtoto wake, ingawa mimi ni Mkristo na mama yangu yuko hai, na ukikaa nyumba yake ulikuwa mtoto wake kweli, pamoja na kufokewa. Jioni ile nilimkuta anachuja mafuta. Nikashika upande wa pili wa kitambaa, na tukiwa tumekishika hivyo nikamweleza yote. Nilidhani atanisifu. Nilimwambia namna tulivyonyamaza, namna wale vijana wanavyomwondolea mifuko njiani.

Aliendelea kuchuja mpaka mafuta yakaisha. Akaweka kitambaa, akafuta mikono, akaniuliza kama nimewahi kumsikia akimtaja mume wake. Nilimjibu hapana. Akaniambia niketi.

Mume wake alikuwa anapeleka mizigo Bujumbura. Asubuhi moja gari lao lilianguka kwenye ile barabara ya kando ya ziwa, upande wa Muhuta, akafa pale pale. Dereva aliyetoka huko alileta habari kituoni mapema. Bibi Zaituni alikuwa tayari ameketi na bidoni zake, hatua chache tu kutoka hapo. Wakashauriana, wakasema asiambiwe kwanza, wamsubiri kaka yake aje kutoka shambani, ndiye atakayejua la kumwambia. Walikuwa watu wema. Walimwonea huruma.

"Nilikaa pale hadi adhuhuri," aliniambia. "Nilikuwa nacheka na watu. Nilimtania mama mumoja juu ya kilemba chake. Na wateja walikuja wengi siku ile, Yuliana, walikuja kuliko siku zote, na hakuna hata mumoja aliyeniomba nimupunguzie bei. Hapo ndipo roho ilianza kunigonga. Nikajiuliza, watu wa Rumonge, tangu lini wananunua bila kubishana? Nikainua macho, nikaona wote wananitazama, kisha wote wanatazama pembeni."

Alisema kifo cha mume wake alikipokea, maana kinatoka kwa Mungu. Lakini ile asubuhi hajaipokea hadi leo. Kila akiikumbuka anajiona ameketi katikati ya watu, anacheka, na wote wanajua.

Nilitaka kusema kwamba hili letu ni tofauti, kwamba profesa tayari anajua ugonjwa wake. Akanikatiza.

"Anajua ugonjwa wake. Hajui kama ninyi munajua. Anasimama mbele yenu anajificha, na ninyi munamutazama anavyojificha. Hiyo munaiita heshima? Mumemufanya muzee mutoto mudogo. Kesho uende umwambie."

Nilimwambia naogopa. Wanafunzi tulikubaliana nao, na mzee angeweza kunifukuzisha kazi, na angeumia. Akasema ndiyo, ataumia. Akainuka kwenda kuswali, na hatukulizungumza tena.

Siku ya pili baada ya kazi nilikwenda nyumbani kwa profesa. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa. Nilimkuta barazani ameketi karibu na redio ndogo. Aliuliza ni nani kabla sijafika, nikataja jina, akanikaribisha na kuniambia kiti kiko wapi kwa kunyoosha mkono sawasawa kabisa. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi ya kuzunguka. Yote yakanitoka. Nikamwambia kwamba siku ile alipotoka kujibu simu, mikro ilibaki wazi, na ukumbi mzima ulimsikia.

Alizima redio. Akaniuliza walisikia kuanzia wapi. Nikamwambia tangu mwanzo. Akaniambia nirudie walichosikia. Ulikuwa mzigo mzito, mwanangu, kumrudishia mtu mzima maneno aliyomwambia binti yake, lakini nilirudia bila kupunguza. Nilipofika pale pa kukaa kwenye baraza la binti yake na kusikiliza magari, aliinua mkono niache.

"Walicheka?" aliuliza.

Nilimwambia alicheka mmoja, kabla ya kuelewa, na wenzake wakamnyamazisha. Kisha nikamweleza kuhusu mifuko, na mlango, na majina.

Alikuwa ameelekeza uso ziwani, ingawa sasa nilijua haoni maji. Mwishoni aliniambia, "Nenda nyumbani, Yuliana. Murakoze." Sikuweza kutambua kama ananishukuru au ananifukuza.

Somo lililofuata hakuja. Wanafunzi walisubiri, mikro iko juu ya meza, ekrani tupu. Evariste alipanda hadi kwangu, akaniuliza kama nimemwambia. Nikamjibu ndiyo. Sikumbuki kama alinitukana, lakini nakumbuka uso wake. Alisema wao walikuwa wamemfichia mzee aibu yake, mimi nimeitoa mchana, na sasa amekwenda na hatarudi. Alisema hivyo mbele ya watu. Nilikunja nyaya zangu nikatoka nje, nikalia nyuma ya jengo. Nyumbani nilimwambia Bibi Zaituni kwamba ushauri wake umemfukuza mtu kazini. Hakujitetea. Alinipakulia chakula, akasema tungoje.

Juma lililofuata alikuja. Alifika mapema, ameshikwa mkono na binti yake, mwanamke mwenye miwani aliyekuwa mwalimu huko Bujumbura. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameshikwa mkono na mtu. Hakuna aliyethubutu kusogea. Alipofika kwenye ubao akaniita kwa jina, nikashuka.

"Niwekee mikro yako," alisema. "Na uniambie ikiwa wazi."

Nikambania, nikapanda juu, nikafungua sauti, nikamwambia kutoka kule nyuma kwamba iko wazi. Akawageukia wanafunzi.

"Mulisikia maneno yasiyokuwa yenu," alisema. "Sasa ninawapa mimi mwenyewe, yawe yenu. Macho yangu yanakwisha."

Kisha akaendelea kwa sauti yake ile ile ya kufundishia. Alisema amekwenda kwa doyeni mwenyewe, amemweleza kila kitu, na doyeni alikuwa ameghadhibika kwa kutoambiwa mapema, lakini wamekubaliana. Atamaliza mwaka huo, na mwaka mwingine ikiwa kichwa chake kitaendelea kushika. Msaidizi wake, dada mmoja kijana aliyeitwa Godeliva, atamwendeshea picha za ekrani na kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa. Karatasi za mtihani zitasomwa na Godeliva, yeye akitoa alama, na mwanafunzi mwenye shaka aje zisomwe mbele yake. Akawaomba radhi kwa matokeo kuchelewa. Halafu akawaambia waache kumwondolea mifuko njiani, kwa sababu ameshajua kila ngazi ya ukumbi ule na ukimya wao unampotezea hesabu ya mahali alipo. Kelele zao ndizo zinazomwambia ukuta uko wapi. Majina waendelee kuyataja, hilo linamfaa.

Watu wakacheka kidogo, naye akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka, na kwenye spika zile kicheko chake kilijaa ukumbi mzima. Kisha akafundisha.

Tangu siku hiyo picha za ekrani zilimfuata yeye, badala ya yeye kuzifuata. Alisema, Godeliva akatafuta picha, akasoma maandishi yake polepole kwa Kifaransa, na mara nyingi profesa akayafafanua kwa Kirundi au kwa Kiswahili. Sisi tuliotoka Tanzania, wengine wakiwa kwenye viti vile wakihangaika na Kifaransa, tulifaidika sana kwa hilo. Mimi nami niligundua kwamba ile mikro niliyoisifu ilikuwa imetengenezwa kwa mtu mwenye macho. Nikadondosha gundi kidogo juu ya kitufe, ikakauka ikawa kinundu, nikampa akipapase mpaka akaridhika. Baadaye walimu wengine wakaomba kinundu kile kwenye mikro zao, maana hata wenye macho mazima walikuwa wakisahau kuitazama taa.

Alifundisha zaidi ya alivyoahidi. Jicho la kulia lilipokwisha kabisa alikwenda mwenyewe kuaga, hakungoja kutolewa. Alihamia Bujumbura kwa binti yake, na nilisikia kwamba watoto wa mtaa ule walikuwa wakienda barazani kwake kusomeshwa. Amekwisha kufariki sasa, Mungu amrehemu. Bibi Zaituni naye alitangulia. Godeliva ndiye aliyerithi somo.

Evariste nilimtaja, nami nisikudanganye kwamba tulipatana vizuri. Hajawahi kurudi kuniambia nilifanya sawa. Ana familia Muhuta, ni mtu mwema, tukikutana ananisalimu kwa heshima na kupita. Naye nadhani hadi leo anaamini kwamba ukimya wao ulikuwa upendo, na siwezi kusema haukuwa. Mpaka leo sijui mzee alipita nini katika juma lile ambalo hakuja. Binti yake aliniambia tu kwamba hakula vizuri.

Sasa sikiliza ninayotaka uende nayo. Mtaweka kamera, na mikro bora kuliko zetu. Vyombo hivyo vitakuletea mambo ambayo mwenyewe hakukusudia uyaone wala uyasikie. Hilo halikwepeki, ni sehemu ya kazi. Likitokea, zima upesi, usisambaze, na usimruhusu mtu kulifanya mchezo. Lakini usiishie hapo. Mwendee mwenyewe, umwambie uso kwa uso: nilisikia hili, na walisikia hawa. Mwambie mapema, kwa maneno machache, bila kumhurumia kwa sauti, kisha umwachie yeye aamue la kufanya. Siri ya mtu ni yake hata baada ya watu kuijua, na yeye ndiye mwenye haki ya kujua iko mikononi mwa nani. Ukimficha kwa huruma unamwacha peke yake katikati ya watu. Ataumia ukimwambia, na huenda wewe ukachukiwa na wale uliotaka kusimama nao. Vumilia. Na kabla hujafunga kitu chochote katika ukumbi ule, tafuta wale watakaokishika kila siku, vijana kwa wazee, uwape wakijaribu mikononi mwao wewe ukiwa umekaa kimya unawatazama.

Haya, dereva anaita. Nenda, mwanangu. Mungu ailinde mikono yako kwenye umeme na miguu yako kwenye ngazi ndefu. Akupe moyo wa kusema lililo gumu kwa sauti ya upole, na nawe siku utakapokuwa na jambo zito usilolijua, akuweke karibu na mtu atakayekuja kukuambia. Safari njema, na uwasalimie wote wa huko.